Kiberiti Ndani, Kiberiti Nje: Historia ya Bushi Inayogoma Kutoka

Historia ya gari, kama tunavyoisoma vitabuni, karibu yote ni historia ya kuunganisha. Kuna mvumbuzi, kuna kiwanda, kuna safu ya wafanyakazi, na mwisho gari linatoka getini linang'aa. Sisi huku wengi tunalipokea gari likiwa limeshaishi maisha yake ya kwanza kwa watu wengine. Uhusiano wetu nalo ni wa kufungua: kulegeza nati, kung'oa, kugonga, kukata, kutoa kilichokufa ili kingine kiingie. Basi naomba nianzie upande huo, na nianze na kitu kidogo kisicho na sifa yoyote, bushi.

Kwa msomaji ambaye gari kwake ni kupanda na kushuka tu: bushi ni kipande kinachotoshana na kikombe cha muuza kahawa, mara nyingine kidogo zaidi. Kuna bomba jembamba la chuma katikati, bomba pana la chuma nje, na kati yao mpira mweusi uliobanwa sana. Hukaa pale ambapo springi au mkono wa tairi unakutana na chasisi. Kazi yake ni kuruhusu vyuma viwili vitembee bila kugusana. Ikifa, utaijua kwa sikio. Gari linagonga kwenye kila shimo, usukani unavuta upande, na tairi inalika ukingo mmoja kama mkate ulioshikwa na mtoto.

Kinachonivutia ni jinsi inavyofanya kazi. Bushi ya mpira haitelezi wala haizunguki. Bomba la ndani limebanwa na bolti, la nje limebanwa kwenye tundu lake, na springi ikipanda au kushuka mpira wenyewe ndio unaojisokota, kisha unarudi. Ni kitu kinachosogea huku kimekaa palepale. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na bushi za shaba nyeusi au chuma, ambazo zilitaka grisi kila mara. Dereva aliyesahau grisi kwenye barabara ya vumbi alikuwa anasaga gari lake mwenyewe, maana vumbi na grisi kavu ni sawa na msasa. Kwenye malori kazi hiyo ya kulala chini na bomba la grisi ilimwangukia utingo. Miaka ya 1920 Mfaransa Léon Thiry alikuja na wazo la kushindilia pete nene ya mpira kati ya mabomba mawili mpaka ibane kwa nguvu zake yenyewe. Kifaa chake kilijulikana kwa jina la Silentbloc. Hakina grisi, hakina kelele. Watengenezaji wa magari wakalipokea wazo hilo, na polepole zile chuchu za grisi zikaanza kupungua chini ya magari.

Lakini kinachoingia kwa kushindiliwa hakitoki kwa hiari.

Chukua Land Rover za zamani, zile zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na ambazo huku zilibeba mabwana shamba, mapadri, polisi, askari wa wanyamapori na mahindi. Zina springi za mabamba, bapa juu ya bapa, na kwenye kila ncha ya springi kuna jicho lenye bushi. Bushi nyingine zimeshindiliwa kwenye chasisi yenyewe. Maji ya mvua, tope, na kwa magari ya pwani hewa ya chumvi, vyote huingia kwenye upenyo mwembamba kati ya chuma na chuma, na kutu hufanya kazi ambayo hakuna gundi inayoiweza. Ukiwauliza mafundi wazee ni kazi gani ya springi inayochosha, hawakutajii springi. Wanakutajia bushi.

Vita vya kwanza ni bolti. Nati inatoka vizuri kabisa, unafurahi, halafu bolti haisogei, kwa sababu imeoana na bomba la ndani. Ukiizungusha inazunguka na bomba lake, mpira unajisokota, ukiiachia inarudi ilipokuwa. Nyundo nayo haisaidii sana, kwa kuwa mpira unameza pigo. Kifaa kilichobuniwa kunyonya mshtuko kinanyonya na mshtuko wa fundi! Mwenye grainda anakata bolti pande zote mbili, mwenye msumeno anasugua asubuhi nzima.

Vita vya pili ni mpira. Wengine huutoboa kwa drili tundu baada ya tundu mpaka bomba la ndani linalegea na kuchomoka. Kazi safi lakini ya polepole, na drili hupenda kunasa. Wengi huuchoma. Moto wa gesi, au matambara yenye petroli kidogo, unaelekezwa kwenye chuma mpaka mpira unaanza kutokota pembeni, moshi mzito mweusi unatoka, na bomba la ndani linasukumwa nje likiwa bado linawaka.

Hapo mgeni hudhani kazi imekwisha. Bado bomba la nje, ganda la chuma jembamba lililoshikana na tundu lake kana kwamba walizaliwa pamoja. Kwa hili kuna njia ambayo naiona ni ya akili kuliko zote. Unafungua msumeno wa chuma, unapitisha wembe wake ndani ya tundu, unaufunga tena kwenye fremu ukiwa humo ndani, kisha unakata ganda kwa urefu wake kutoka ndani kwenda nje. Unakata kwa masikio na vidole, maana ukipitiliza unaijeruhi chasisi, na ukiishia njiani ganda halilegei. Likibaki kama unene wa ukucha unaweka tindo kwenye mfereji ule, unagonga, ganda linajikunja kuelekea ndani na kuachia. Kilichotumia saa tatu kugoma kinaanguka kwa sauti ya kifuniko cha soda.

Mwenye presi ya haidroliki atacheka kusoma haya. Sawa. Lakini chasisi haiingii kwenye presi.

Sasa turudi kwenye moto, na hasa kwenye kile kinachouwasha. Fundi humwambia spana boi wake, "Dogo, lete kiberiti." Neno hilo limekuja kwetu kutoka Kiarabu, na kabla ya kuwa jina la njiti na kisanduku chake lilikuwa, na bado ni, jina la madini ya manjano yanayonuka, ambayo vitabu vya shule siku hizi huyaita salfa. Na ule mpira unaochomwa umetengenezwa kwa kitu hichohicho. Kiberiti kiliuumba, kiberiti kinautoa. Lugha yetu imelihifadhi jambo hili bila yeyote kulikusudia, nami sijaona lugha ya Ulaya inayoweza kulisema kwa neno moja.

Mpira mbichi, kama unavyotoka kwenye mmea, ni kitu kisichoaminika. Ukipata joto unakuwa ulimbo, ukipata baridi unavunjika. Mmarekani Charles Goodyear alihangaika nao miaka mingi, akafilisika, akafungwa kwa madeni, mpaka mwaka 1839 alipogundua kwamba mpira uliochanganywa na kiberiti na kupashwa moto mkali hauyeyuki tena wala haugandi kwa baridi. Hataza yake ya Marekani ni ya mwaka 1844. Huko Uingereza Thomas Hancock, aliyekuwa ameona vipande vya mpira huo, alikuwa tayari amejichukulia hataza yake mwaka 1843. Rafiki yake William Brockedon ndiye aliyeipa kazi hiyo jina, kutoka kwa Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, ambaye alikuwa mhunzi. Yaani fundi. Goodyear alikufa mwaka 1860 bado akidaiwa.

Mpelekaji wa vipande vile Uingereza, mwaka 1842, alikuwa mtu anayeitwa Stephen Moulton. Baadaye, mwaka 1848, alifungua kiwanda chake cha mpira kwenye mji wa Bradford-on-Avon. Kitukuu chake, Alex Moulton, ndiye aliyebuni springi za mpira mtupu za gari dogo la Mini lililotoka mwaka 1959. Zaidi ya karne moja, familia moja, utomvu uleule.

Kinachofanyika humo ndani ni hiki. Mpira ni nyuzi ndefu mno zilizosokotana kama tambi. Kiberiti, kwa moto, hufunga mafundo kati ya uzi na uzi. Ukiuvuta unanyooka, ukiuachia mafundo yanaurudisha. Ila mafundo hayo hayafunguki kirahisi. Chuma utakiyeyusha ukifue upya, plastiki nyingi vilevile, nta vilevile. Mpira ulioshaiva na kiberiti ukiupasha moto tena hauyeyuki, unaungua tu. Ndiyo sababu bushi haitoki kwa kulainishwa. Goodyear alitafuta kitu kisichorudi kilikotoka, akakipata, na fundi wa Magomeni au Gikomba ndiye anayelipia ubora huo kwa mapafu yake.

Na utomvu wenyewe ulitoka wapi? Hapa ndipo ninapotofautiana na namna tunavyozoea kusema, kwamba gari na vipuri vyake ni "mambo ya kuja". Neno mpira liko kwenye ngeli ya m-/mi-, pamoja na mti, mwembe na mkorosho. Lilikuwa jina la mmea na utomvu wake kabla gari la kwanza halijashuka bandarini. Wataalamu wa mimea wanauita mmoja wa mimea hiyo *Landolphia kirkii*, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Ni mmea unaotambaa juu ya miti ya msitu. Mbungo, ambao juisi yake tunaisifia Unguja na Tanga, ni ndugu yake. Watu waliukata ngozi, wakaugandisha utomvu, wakauviringisha kuwa madonge, na madonge yakateremshwa pwani. Kusini, nyuma ya Kilwa na Lindi, mpira wa mwitu ulikuwa biashara ya watu wenyewe, na zama za Wajerumani ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizosafirishwa kutoka koloni lile. Soko lake lilikuwa limepandishwa na tairi la upepo, lile ambalo John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Vita vya Maji Maji vilipolipuka Umatumbi Julai 1905, kilichong'olewa ni miche ya pamba, na pamba ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu. Ukisoma *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969, unakutana na njaa na kazi ya lazima kwenye shamba la mgeni. Ni haki yake. Lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika pia kuhusu misitu: jinsi utawala wa Kijerumani ulivyoitenga na kuwafungia watu vitu walivyozoea kuvitoa humo, mpira ukiwemo, na jinsi jambo hilo lilivyochangia hasira ile. Fasihi yetu ina pamba, ina karafuu, ina mkonge na manamba wake. Mpira, ambao kila daladala limeukalia, naukuta kwenye viwanja vya soka tu.

Upande wa pili wa ziwa hadithi ilikuwa mbaya zaidi, na inajulikana. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa mwitu, na walioshindwa walichapwa, wakaona wake zao wakishikwa mateka, wakauawa. Askari walikata mikono ya wafu, na ya walio hai pia, kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Roger Casement, balozi wa Uingereza aliyesafiri huko, aliyaweka haya kwenye ripoti iliyotolewa mwaka 1904. Picha alizopiga mmisionari Alice Seeley Harris zilizungushwa Ulaya na Marekani. Sitaki kuzielezea hapa.

Kilichoua biashara ya mpira wa mwitu hakikuwa huruma peke yake. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu kama 70,000 za mti wa mpira kutoka Brazil hadi bustani za Kew, London. Chache tu ziliota, na miche yake ikapelekwa Ceylon na Malaya. Wajerumani nao walipanda mpira wao Tanga na Morogoro, wa aina nyingine, jamaa ya muhogo. Bei ilifika kileleni mwaka 1910. Mwaka 1913 mpira wa Asia ulijaa sokoni, bei ikaporomoka, mashamba yetu yakaanza kuachwa. Yalikumbukwa tena mwaka 1942, Wajapani walipoteka Malaya na Singapore. Waingereza waliifufua miti ile mizee ya Wajerumani Tanganyika na kuwapeleka watu kuigema kwa amri. Vita vilipokwisha, ikasahauliwa mara ya pili.

Mtu anaweza kuniuliza: sasa haya yote yanahusu nini bushi, si mpira wa siku hizi unatoka kwenye mafuta ya petroli? Mwingi, ndiyo. Lakini bushi nyingi za springi na mikono ya tairi bado hutengenezwa kwa mpira wa mti, kwa sababu unavumilia kusokotwa mara milioni bila kupasuka kuliko ule wa kiwandani. Na tabia yake moja unaweza kuiona kwenye gereji bila maabara: haupendi mafuta. Kuna madereva ambao bushi ikianza kulia huimwagia oili chafu. Kelele inakoma siku mbili, mpira unavimba na kulainika, baada ya hapo unakufa. Fundi mzuri akishindilia bushi mpya hutumia maji ya sabuni. Nilipomuuliza mmoja, mtu wa makamo ambaye spana boi wote humwita Mjomba, kwa nini asitumie grisi, alinijibu bila kuinua kichwa, "Kaka, mpira ni utomvu. Utomvu na mafuta wapi na wapi."

Hakuwa amesoma Wickham wala Hancock. Alijua kwa kuharibikiwa na mpira mikononi, kama walivyojua waliougema.

Kwenye suala la moshi mimi na Mjomba hatukubaliani. Mpira wa bushi ni mweusi kwa sababu umechanganywa na masizi ili uwe imara. Ukiungua hurudisha masizi hayo hewani pamoja na gesi ya kile kiberiti, ile inayokaba koo. Anayeshika bomba la moto, aliyeinama karibu zaidi, huwa ni kijana wa mwisho kufika gerejini, pengine wa miaka 15, bila glavu wala kitambaa usoni. Mjomba anasema naye alipitia hukohuko. Nami namjibu kwamba njia ya msumeno na drili anaijua kuliko mtu yeyote mtaani, na kwamba haraka ya mteja isiwe kifua cha dogo. Sikuhizi zimeingia pia bushi za plastiki ngumu, za rangi nyekundu au njano, zinazoitwa poliyurethani. Hizo zikichomwa moshi wake unaweza kubeba sayanaidi. Hapo alinisikiliza. Alimwita dogo, akamwambia za rangi asiziguse kwa moto, azikate. Za nyeusi hakuzitaja.

Bushi mpya ikishaingia kuna jambo moja la mwisho ambalo gereji nyingi hulipuuza. Bolti isikazwe gari likiwa juu ya jeki. Ukiikaza tairi zikiwa zinaning'inia, unaufunga mpira kwenye mkao huo. Gari likishuka chini mpira unakuwa umeshasokotwa tayari kabla ya safari kuanza, na utachanika mapema. Shusha gari, liache lisimame kwa uzito wake, kisha lala chini ukaze. Ni dakika kumi. Mteja aliyelipa bushi tatu kwa mwaka mmoja huwa anadhani ameuziwa feki, na wakati mwingine ni kweli, lakini si mara zote.

Ambaye hana hela ya bushi mpya bado ana njia, na njia hiyo inafuata tabia ileile ya mpira kutoyeyuka. Usichoweza kuyeyusha utakichonga. Tairi lililokwisha linakuwa katambuga, Kenya wanaziita akala, linakuwa kamba ya kufungia mzigo, na linakuwa bushi. Wiki iliyopita nilimtazama Mjomba akikata mduara kwenye ubavu wa tairi la lori kwa kisu alichokilowesha maji, akatoboa katikati, akaupima kwa kidole kwenye jicho la springi ya kirikuu, akapunguza kidogo, akapima tena. Nyuzi za ndani za tairi zilionekana pembeni kama nywele. Nilimuuliza itadumu muda gani.

"Inategemea anakwenda wapi," akasema, akachukua nyundo.